Folda ya Downloads isiachwe nyuma

Mtu akipeleka kompyuta kwa fundi ili ipigwe Windows upya, ataulizwa kama ina vitu vya kuhifadhi. Wengi hujibu: "Nichukulie Documents, Desktop na picha." Jibu hilo silikubali. Linafuata jina la folda bila kuangalia kilichomo.

Nyaraka zetu nyingi za maana hatuziandiki wenyewe, tunatumiwa. Taarifa ya benki imekuja kwa baruapepe, mkataba wa pango umetumwa WhatsApp na mwenye nyumba. Ukizisevu bila kuchagua mahali, zinatua Downloads, zikichanganyika na mafaili ya kusakinishia programu na filamu zilizokwisha kutazamwa. Ndiyo maana folda hiyo inadharauliwa na kufutwa nzimanzima. Ifungue kwanza, uipange kwa aina ya faili. PDF zote zitakaa pamoja, na hapo kuchambua si kazi kubwa.

Mimi najiuliza swali moja tu: hiki kikipotea leo, nitakipata wapi tena? Programu zinasakinishwa upya, na hata ukibeba Program Files nzima, nyingi hazitafanya kazi kwenye Windows mpya, kwa hiyo usizipe nafasi. Lakini alama za wanafunzi ambazo mwalimu ameziingiza kwenye Excel muhula mzima? Orodha ya wanaodaiwa dukani? Rekodi ya babu akieleza ukoo, na mwenyewe ameshafariki? Hizo ndizo za kwanza kunakiliwa, hata kama zote pamoja hazijazi flashi ndogo.

Kuna na vilivyojificha. Anayetunza hesabu kwa QuickBooks ya kwenye kompyuta aelewe kwamba faili la kampuni kwa kawaida huwekwa ndani ya Public Documents, nje ya folda ya mtumiaji yenye jina lake. Fundi akichukua folda ya jina lako peke yake, hesabu za biashara zinabaki na kufutwa. Alamisho na nywila za Firefox nazo zimo ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha. Usipoiomba kwa jina, haichukuliwi.

Wapo wanaotegemea OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, peke yake. Nafasi ya bure ni GB 5, na faili ukilifuta kwenye kompyuta, linafutika na kule, likibaki kwenye pipa la taka kwa muda tu. Nashauri diski ya nje pia, na ichomolewe ukimaliza kunakili. Virusi vya WannaCry, vilivyosambaa Mei 2017, vilifunga hata mafaili yaliyokuwa kwenye diski zilizochomekwa.

Kabla hujamruhusu fundi afute, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili machache ya kila folda: PDF moja, picha kadhaa, na lile la Excel lenye alama.