Aliyeacha Kazi na Shutuma ya Kumjaribu Mungu

Hapa Dodoma mtu aliyefukuzwa kazi hupewa pole, lakini aliyeiacha mwenyewe pasipo kupata nyingine huulizwa maswali. Jirani yangu wa Nkuhungu, mhasibu aliyeitumikia kampuni moja binafsi kwa miaka sita, aliandika barua ya kuacha kazi mwezi Oktoba akiwa hana ahadi yoyote mkononi. Kabla siku zake 28 za notisi hazijaisha alikwisha kuitwa mvivu, mwenye kiburi na, hili ndilo lililomuuma, mtu anayemjaribu Mungu. Mama mkwe wake alimpigia simu kutoka Kondoa akamwambia, "Mwanangu, mshahara ni riziki, na riziki haipigwi teke."

Wanaomlaumu wana hoja. Kodi ya nyumba hudaiwa ya miezi sita kwa mkupuo, ada ya shule haingoji, na mshahara mmoja mara nyingi hulisha nyumba tatu, mojawapo ikiwa kijijini. Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Waislamu nao wanayo hadithi mashuhuri ya mtu aliyeambiwa amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Anayesema kwamba imani haifuti hesabu amesema kweli.

Ila hesabu hiyo hupigwa upande mmoja tu. Gharama ya kubaki haiandikwi popote. Kwa miezi mingi jirani yangu alilala na simu chini ya mto, kwa kuwa bosi wake alizoea kutuma maagizo saa nne usiku, zikiwamo Jumapili. Saa tisa usiku alikuwa macho akirudia kichwani majedwali aliyokwisha kuyafunga, na simu ilipotetema mkono wake ulitetemeka nayo, hata kama aliyepiga ni mwalimu wa mtoto. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii kuwa ni matokeo ya msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa ipasavyo, na likauweka miongoni mwa mambo yanayotokana na ajira, pasipo kuuita ugonjwa. Kwa maelezo hayo, kumwambia mtu aongeze maombi huku kazi ikibaki ilivyo ni kumtibu asiyehusika.

Sheria nayo humwadhibu anayeondoka kwa amani, na hapa naomba msomaji avumilie tarakimu. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, yaani jumla ya mishahara miwili hivi, kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18. Aliyeacha kazi kwa hiari halipati. Kiinua mgongo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi, nacho hutolewa pale mwajiri anapovunja mkataba. Kwa miaka sita hizo ni siku 42. Kwa kusaini barua yake mwenyewe, jirani yangu alisamehe mishahara ya zaidi ya miezi mitatu, ambayo angeipata kama angesubiri kuachishwa. Naelewa kwamba mfuko hauwezi kumlipa kila anayechoka. Sheria hiyo hiyo pia humhesabu kuwa ameachishwa yule aliyelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, lakini lazima afike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 akiwa na ushahidi, na ni wangapi wanaolijua hilo siku ya thelathini na moja haijafika? Katika pengo hilo lisilo na fao wala kiinua mgongo, mtu hubaki na akiba na imani yake tu.

Wahubiri wa uvumilivu huruka Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Eliya, amechoka hadi kuomba kufa, analala chini ya mti. Malaika hamkemei, anampa mkate na maji na kumwacha alale tena.

Kuhusu kumjaribu Mungu, wakulima wa Chamwino hupanda kavu. Udongo ukiwa bado vumbi, mbegu za uwele huingia ardhini kwa kuitumaini mvua ya Desemba, na hakuna anayewaita wazembe. Hawapandi mbegu zote. Nyingine hubaki ghalani kwa ajili ya kurudishia, mvua ya kwanza ikidanganya. Jirani yangu aliondoka akiwa amelipa kodi hadi Machi na kuweka chakula cha miezi mitano. Sasa anaandika hesabu za vikundi viwili vya kuweka na kukopa kwa malipo yasiyofika nusu ya mshahara wake wa zamani, na baada ya Machi hajui. Wiki iliyopita mama mkwe alimtumia madebe mawili ya uwele kwa basi la Kondoa, na safari hii hakupiga simu.