Mhariri wa Kuomba Kura

Juzi jamaa yangu mmoja, mwandishi wa siku nyingi, alinicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa namsimulia wahariri wa gazeti la Honi Soit wanavyopatikana. "Yaani mhariri anaomba kura kama diwani? Na fulana anagawa?" Ndiyo, kaka, na fulana anagawa. Kicheko kile kimenikera wiki nzima.

Honi Soit ni la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, na linatoka tangu 1929. Lilizaliwa kwa hasira: magazeti ya mjini yalikuwa yanawasema wanafunzi vibaya, nao wakaamua kujibu kwa wino wao wenyewe. Hata jina ni kijembe, limekatwa kwenye usemi wa kale wa Kifaransa: aibu imrudie mwenye kuwaza mabaya. Clive James, mwandishi mashuhuri wa Australia, alipitia humo. Kila mwaka watu kama kumi wanaunda kikosi, wanajipa jina na rangi, wanajipanga njiani kupiga debe, kisha wanafunzi wa shahada ya kwanza wanapiga kura. Washindi wanashika gazeti mwaka mzima.

Upuuzi? Sikilizeni. Nilipokuwa chuoni nilisaidia kwenye jarida la wanafunzi ambalo mhariri wake aliteuliwa na ofisi. Kijana mzuri tu, anajua kuandika kuliko mimi. Mabweni yakakaa bila maji wiki tatu, tukaandika habari, tena na picha ya ndoo zimepanga foleni usiku. Ilipochapwa ilikuwa na kichwa hiki: "Uongozi Wachukua Hatua Kuboresha Huduma ya Maji." Ndoo hazikuwepo. Nilimfuata nikidhani amepigiwa simu. Hakuna aliyempigia. Hakuna aliyemtisha. Alikaa peke yake usiku, akawaza walioweka jina lake pale, akabadilisha mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: aliyekuteua hana haja ya kukufunga mdomo, maana utaufunga mwenyewe na bado utamshukuru. Chawa hazaliwi chawa jamani, anatengenezwa na barua ya uteuzi.

Mhariri wa kura naye anaogopa, sikatai. Ila anawaogopa waliosimama kwenye ile foleni ya ndoo. Nipeni woga huo.

Haya, najua mtasema nini. Kura huwapa ushindi wenye marafiki wengi na fulana kali, hata kama koma kwao ni mapambo. Kweli. Kikosi kikiwa kimoja kinapita bila kupingwa, na hapo hatuna uchaguzi, tuna sherehe. Kweli pia. Wala kura si kinga ya kila kitu: mwaka 2013 wahariri wa Honi waliweka jaladani picha za sehemu za siri za wanawake 18, ushauri wa wanasheria ukaingia, na nakala zikaondolewa. Baraza la wanafunzi ndilo mchapishaji, na kesi ikija ni ya kwake. Sawa, hapo mmenipata kidogo.

Lakini njia nyingine ni zipi? The Harvard Crimson, gazeti la wanafunzi wa Harvard kule Marekani, la tangu 1873, wanaoondoka ndio wanaochagua wanaoingia. Gazeti zuri, silikatai, ila huo ni urithi wenye mtihani. Na Honi haliko peke yake: Felix la wanafunzi wa Imperial College, London, la tangu 1949, mhariri naye anapigiwa kura na wanafunzi wenzake. Nao ni wanasayansi, watu wa hesabu, hivyo msiniambie kura ni za wapenda porojo.

Jamaa yangu alipomaliza kukohoa nilimwuliza ukurasa wake wa kwanza wiki ile ulibeba nini. Akajikuna kidogo.

"Mheshimiwa," akasema. "Alikuwa anakata utepe."