Posa ya Migongo ya Buluu

Juma ambalo washenga walitarajiwa kuja kumposa binti yake, baba yangu mdogo, mkazi wa Ngamiani mjini Tanga na bingwa wa kubana matumizi, aliamua kuipaka upya sebule. Kuta zilikuwa na rangi ya mafuta hadi usawa wa kiuno, na juu yake rangi ya maji iliyokwisha kupauka. Badala ya rangi, alinunua mfuko wa chokaa na buluu ya unga, ileile ambayo akina mama huitia kidogo katika maji ya kusuuzia kanzu ili ziwe nyeupe zaidi.

Fundi alipitisha ukucha ukutani, akatikisa kichwa. Alieleza kwa adabu kwamba chokaa hushika pale inaponywewa na ukuta, kwa hiyo juu ya rangi ya mafuta itakauka na kubaki unga tu. Na kwamba anayepaka upya huanza kwa kukwangua ya zamani, akapiga msasa, akaosha, ndipo akashika brashi.

"Mimi nimekuita kupaka," alijibu baba mdogo. "Kukwangua nitakuita siku nyingine."

Fundi akapaka, akadai chake chokaa ikiwa bado mbichi, akaondoka kwa haraka ambayo ilipaswa kututia shaka.

Washenga walifika Ijumaa, kanzu zimenyooshwa kwa pasi, mzee wao akiwa amevaa joho jeusi. Waliketi mkekani na, kwa kuwa mazungumzo ya mahari hayana ufupi, wakaegemea ukuta. Mzee alipoinama kupokea kikombe cha kahawa mkononi mwangu, niliona ukutani umbo la mabega yake likiwa limebaki wazi, na buluu yote iliyokuwapo imehamia kwenye joho. Nilimtazama baba mdogo. Naye alinikazia macho ya "thubutu", kwani alikwisha kusisitiza kuwa posa ibaki siri mpaka jibu litolewe.

Wageni waliaga kwa heshima zote, wakaenda msikitini kuswali alasiri, wakapanga safu ya mbele. Magharibi haijaingia, majirani walikuwa wakibisha hodi kutupa mkono wa heri.

Mshenga aliporudi kupokea jibu, alisema upande wao wanakikubali kiwango cha mahari, ila wanaomba ipunguzwe gharama ya dobi. Baba mdogo alitafakari kwa muda mrefu, kisha akauliza ni dobi yupi, maana yeye anamfahamu mwingine wa bei nafuu zaidi.