Siku mliyohamishwa, mlibeba nini?

Nafundisha historia kidato cha pili, mkoani Dodoma. Mwaka jana tulipofika kwenye Operesheni Vijiji, yaani miaka ya 1970 serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, nilifunika kitabu, nikawatuma wanafunzi wakawaulize wazee wa nyumbani swali moja tu: "Siku mliyohamishwa, mlibeba nini?"

Kitabu tunachotumia kinalimaliza jambo hilo kwa aya chache: ujamaa, huduma za jamii, changamoto, basi. Majibu yaliyorudi hayakuwa na hata neno moja kati ya hayo. Binti mmoja aliandika kwamba bibi yake alijitwika jiwe la kusagia huku mtoto yuko mgongoni, na babu akazing'oa nguzo za tembe lao, ile nyumba ya paa la udongo, moja moja, akihofia kwamba huko waendako miti ya kujengea haitapatikana. Jiwe lenyewe lipo mpaka leo, na bado linasaga uwele. Aliposoma, darasa lilinyamaza.

Kisha mvulana mmoja akasimama kupinga. Babu yake anausifu sana wakati ule: walipata kisima, zahanati na shule, na yeye mwenyewe akajua kusoma kwa elimu ya watu wazima. Wakabishana kipindi kizima. Sikuwaamulia, niliwaambia kila mmoja arudi kwa shahidi wake. Wiki iliyofuata binti akaja na jibu la bibi: yule mzee anamfahamu, kijiji kiliwekwa kwao. Hakuhama. Wenzake ndio waliohamia kwake.

Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto kuhusu upendeleo katika vyanzo vya historia, nao wakakariri, wakajibu mtihani, wakasahau. Siku ile waliuona kwa macho yao, wala sikuhitaji kulitaja neno hilo.

Najua wako walimu wenzangu wanaosema kumbukumbu za wazee haziaminiki. Ni kweli kwamba wengi hawakuutaja mwaka. Walisema "baada ya ile njaa", au "nilipokuwa na mimba ya shangazi yako". Sasa hapo ndipo kazi ya historia inapoanza. Tuliyapanga maneno yao kando ya yale yaliyoandikwa: Operesheni Dodoma ilianza 1971, Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima, na kazi ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Wanafunzi wakahesabu umri wa mashangazi na wajomba, wakagundua kuwa familia zao nyingi zilihama kabla ya amri hiyo ya 1973. Hilo walilitafuta wenyewe kwa kalamu na karatasi.

Wala si jambo geni hapa kwetu. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, wakiongozwa na wanahistoria kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda kuwahoji wazee walioishi wakati wa Vita vya Majimaji. Majalada ya Wajerumani yalikuwepo, lakini yaliandikwa na waliokuwa wakitawala. Wazee ndio walioeleza jinsi shamba la pamba lilivyomtoa mtu kwenye shamba lake, na jinsi habari za Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji ya dawa, zilivyonong'onwa nyumba hadi nyumba. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa na 83 wakati ule. Waliwawahi kwa tabu.

Kikwazo kikubwa naona ni lugha. Mtoto anasimuliwa kwa Kigogo, analitafakari kwa Kiswahili, kisha somo la historia linamdai aliandike kwa Kiingereza, na njiani jiwe la kusagia linageuka kuwa "athari za kiuchumi". Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo ninapoona nafasi ya kazi hii.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1971 ameshavuka 70. Mwalimu mwenzangu, likizo ya Juni usiwape watoto maswali kumi. Wape moja, wachukue simu ya mzazi warekodi, na waandike kwanza maneno ya mzee kama alivyoyatamka, kwa Kigogo au kwa Kirangi, ndipo watafsiri.