Kilo ya kompyuta ina ngapi?

Nunua flashi ya gigabaiti 64, ichomeke kwenye kompyuta yenye Windows, nayo itakuonyesha 59 na ushei. Wengi hapo huona wamepunjwa. Flashi feki zipo, tena tele, lakini hii si dalili yake. Baiti bilioni 64 zimo. Ugomvi uko kwenye kiambishi, yaani kilo, mega au giga inayotangulia baiti: je, kila ngazi ni mara 1,000 au mara 1,024?

Kilo imetoka kwa Wagiriki: khilioi, yaani elfu. Wafaransa wakaiingiza kwenye vipimo vyao kwa sheria ya mwaka 1795. Kwa hiyo wanaoshikilia kwamba kilobaiti ni baiti 1,000 wana asili upande wao, ingawa hoja hiyo haifiki mbali. Kwa Kigiriki mega ni kubwa tu, na giga ni jitu. Umilioni na ubilioni wake ni wa kukubaliana.

Wahandisi wa kompyuta nao hawakukurupuka. Nafasi za kumbukumbu, ile RAM, huhesabika kwa kuzidisha mbili kwa mbili: 256, 512, 1,024. Hiyo ya mwisho iko jirani na elfu, wakaiita kilo. Tofauti ilikuwa asilimia 2.4, nani angejali? Kwenye giga imepita 7, kwenye tera inakaribia 10.

Kwa RAM nawaelewa. Diski na flashi ndizo sizioni sababu, maana ujazo wake haulazimiki kufuata hesabu hiyo. Watengenezaji wake huhesabu kwa elfu. Kweli, namba kubwa inauza, ila ndiyo inayolingana na vipimo vya kimataifa. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme, IEC, lilitoa kibi, mebi na gibi kwa ajili ya hesabu ya 1,024, na hadi leo ni nadra kuzisikia dukani. Apple ilihamia kwenye elfu mwaka 2009. Windows inagawa kwa 1,024 kisha inaandika GB, na lawama zangu nyingi naziweka hapo: ama ibadili hesabu, ama iandike GiB, yaani gibibaiti.

Na kuna waliochanganya vyote. Disketi ya megabaiti 1.44 ilikuwa na baiti 1,474,560, yaani 1.44 mara 1,000 mara 1,024. Mega hiyo haikuwa ya vipimo vya kimataifa wala ya wahandisi.