Hakubebwa, alisota

Makala inasema Becky Hammon, mwanamke aliyecheza mpira wa kikapu, alipewa ukocha msaidizi wa San Antonio Spurs, timu ya wanaume ya kikapu ya Marekani, mwaka 2014 "kwa sababu ya jinsia". Hapana, mwandishi, hapo umemkosea sana. Mwaka 1999 alipomaliza chuo hakuna timu ya WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake Marekani, iliyomchagua. New York Liberty wakamchukua hivyo hivyo, akacheza misimu 16 ligi ile, nusu yake na timu ya wanawake ya San Antonio. Mlinzi mfupi kati ya majitu! Mtu wa namna hiyo anaishi kwa kusoma mchezo, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kocha.

Kilichomfungulia mlango ni goti. Aliumia kano mwaka 2013, na badala ya kujifungia nyumbani akawa anakwenda kwenye mazoezi na vikao vya Spurs, anasikiliza, anauliza, anabisha. Gregg Popovich, kocha mkuu wa Spurs wakati huo, alimtazama msimu mzima ndipo akamwajiri.

Mimi siisahau Desemba 30, 2020. Robo ya pili dhidi ya Lakers, Popovich anatolewa nje kwa kugombana na waamuzi. Anamnyooshea Hammon kidole tu: timu ni yako. Hakukuwa na sherehe. Mama wa watu akaendelea kupanga wachezaji. Walifungwa, sawa, lakini tazameni wachezaji walivyomsikiliza wakati wa mapumziko mafupi, macho yote kwenye ubao wake.

Halafu akaenda kuwa kocha mkuu wa Las Vegas Aces, timu ya WNBA, na msimu wake wa kwanza tu, 2022, akachukua ubingwa. Naomba makala irekebishwe.