Ukitoa ABS, je, masta ya breki nayo ibadilishwe?

Pampu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga breki zikikanyagwa kwa nguvu, ikifa kwenye gari la mtumba kutoka Japani, gereji nyingi zina jibu moja: baipasi. Pampu inang'olewa, paipu zinaunganishwa kutoka kwenye masta (silinda kuu ya breki inayosukumwa na pedeli) hadi kwenye magurudumu, taa ya dashibodi inazimwa. Baada ya hapo mafundi hugawanyika. Wapo wanaosema masta iliyopo ibaki, kwa kuwa kazi yake ni kusukuma mafuta tu. Wapo wanaosema lazima ifungwe masta ya toleo lile lile la gari lililotoka kiwandani bila ABS. Pande zote mbili zina hoja, ila zote husahau mara kwa mara presha inayokwenda nyuma, na hiyo ndiyo inayopindua magari.

Wanaotaka masta ibaki wako sahihi kwa jambo moja kubwa. Masta nyingi za ABS zina vali ndogo katikati ya pistoni, mahali pa kile kitundu cha kurudishia mafuta kinachotobolewa kwenye ukuta wa silinda ya masta ya kawaida. ABS inapofanya kazi, pampu hurudisha mafuta kwenye masta kwa presha kubwa, kwa mapigo, mguu ukiwa bado umekandamiza pedeli. Raba ya pistoni ikipita juu ya kitundu wakati huo humegwa kidogo kidogo. Kwa hiyo kufunga masta ya kawaida kwenye gari ambalo ABS yake ni nzima ni kosa. Kinyume chake hakina shida: masta yenye vali ya katikati hufanya kazi vizuri hata pasipo pampu. Anayekuambia kwamba masta ya ABS haiwezi kusukuma breki bila ABS anakuuzia spea usiyoihitaji.

Wanaotaka ibadilishwe nao wana hoja ya kipenyo. Kwenye magari mengi toleo la ABS lilipewa masta nene zaidi, na mara nyingi namba imeandikwa ubavuni mwa masta yenyewe: 7/8, 15/16, 1. Hizo ni inchi. Masta ya inchi 1 ina eneo la milimita za mraba 507, ya 15/16 ina 445, ya 7/8 ina 388. Kwa nguvu ile ile ya mguu, ukitoka inchi 1 kwenda 7/8 unapata presha zaidi kwa karibu asilimia 30, lakini pedeli nayo itashuka zaidi kwa kiasi hicho hicho. Ukiongeza unene, pedeli inakuwa fupi na ngumu, dereva anahisi breki ni kali, ilhali presha imepungua. Wengi hudanganyika hapa. Pedeli ngumu kama jiwe inaweza kumaanisha masta kubwa kuliko kalipa zake (vibana pedi vya kwenye magurudumu), na mwenye mguu mwepesi hatalisimamisha gari kwa wakati. Kama kalipa na disku ni zile zile na pedeli ilikuwa sawa kabla ya pampu kufa, kipenyo hakina haja ya kuguswa.

Sasa nyuma. Gari likifunga breki uzito unahamia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na yanahitaji presha ndogo kuliko ya mbele. Magari yasiyo na ABS yana vali ya kupunguza presha hiyo: ama imefungwa pembeni kwenye ukuta wa injini, ama imekaa kwenye matundu ya masta yenyewe. Kwenye magari mengi yenye EBD (mgawanyo wa breki za mbele na nyuma kwa kompyuta) vali hiyo haipo kabisa, kwa sababu kompyuta ya ABS ndiyo inayoizuia presha ya nyuma. Ukibaipasi gari la namna hiyo, nyuma kunapata presha sawa na mbele. Ukifunga breki kwa nguvu magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kwanza, na kitako cha gari kitataka kutangulia mbele. Dereva hana muda wa kurekebisha.

Kwa hiyo swali la masta linajibiwa na vali hiyo ya kupunguza presha ya nyuma. Ikiwa toleo lisilo na ABS linabeba vali kwenye masta, badilisha masta, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kupata vali iliyopimwa na kiwanda kwa gari hilo. Ikiwa vali ya kiwanda ni kipande cha pembeni, nunua vali hiyo na paipu zake, masta ibaki kama ni nzima. Vali ya kurekebisha kwa mkono inafaa pale tu mfumo umegawanywa mbele na nyuma, kwa paipu moja inayokwenda nyuma.

Mgawanyo huo unastahili kuangaliwa kwa makini kabla ya kukata paipu yoyote. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele yamegawanywa kimshazari: tundu moja la masta linalisha mbele kulia na nyuma kushoto, jingine mbele kushoto na nyuma kulia. Paipu moja ikipasuka, breki moja ya mbele inabaki. Fundi akiunganisha paipu mbili za nyuma kwa kiungo kimoja cha T ili atumie vali moja, ameziunganisha njia mbili zilizotenganishwa makusudi. Siku mpira wa breki wa gurudumu lolote ukipasuka, pedeli itakwenda hadi sakafuni na hakuna kitakachobaki. Viungo vya T vinaruhusiwa, viwili, kila kimoja ndani ya mshazari wake.

Yapo magari ambayo mjadala huu wote hauyahusu. Land Cruiser 100 nyingi, Prado 120 zenye VSC (udhibiti wa kuteleza) na Prius zina masta, busta (kifaa kinachoongezea nguvu ya mguu) na pampu katika mfumo mmoja unaotumia presha iliyohifadhiwa. Ukitoa ABS huko umetoa na msaada wa mguu. Tafuta mfumo mzima ulio hai. Na kabla ya kulegeza nati yoyote kwenye Land Cruiser au Prado hizo, zima swichi, kisha kanyaga pedeli zaidi ya mara 40 hadi iwe nzito, la sivyo mafuta yatakurukia usoni.

Kazi yenyewe ikifanyika, makosa hutokea sehemu zile zile. Fimbo ya busta ni ya kwanza. Ikiwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pistoni hairudi mwisho, mafuta yaliyopata joto hayapati pa kurudi, na breki zinaanza kujishika zenyewe baada ya kilomita chache. Ikiwa fupi, pedeli inashuka bure. Honda, kwa mfano, hutaka nafasi ya kati ya 0 na 0.4 mm kati ya fimbo na pistoni. Fundi asiye na kipimo cha kiwanda huweka udongo laini wa kuchezea wa watoto kwenye ncha ya fimbo, hufunga masta, huifungua tena na kupima unene uliobaki. Njia hiyo ni nzuri.

Paipu ni za 4.75 mm, na nati za magari ya Kijapani kwa kawaida ni M10x1.0, zinakazwa karibu 15 Nm kwa spana ya paipu, maana spana ya kawaida huvingirisha kona. Mdomo wa paipu wa Kijapani umekunjwa mara mbili kwa ndani. Wa magari mengi ya Kijerumani una uvimbe wa duara. Ukichanganya, itavuja hata ukikaza hadi nati ikatike. Shaba tupu inapindika vizuri lakini huchoka kwa mtikisiko. Aloi ya shaba na nikeli inavumilia.

Masta mpya itolewe upepo kwenye jiliwa kwanza, imelala sawa, mirija miwili ikirudisha mafuta kwenye tangi lake, pistoni ikisukumwa polepole hadi mapovu yaishe. Kisha magurudumu, kwa kawaida ukianzia lililo mbali zaidi na masta, tangi lisikauke hata mara moja. Lita 1 ya mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4 inatosha gari dogo. Masta ya zamani inayobaki isikanyagwe hadi sakafuni wakati wa kutoa upepo: raba zitafika kwenye sehemu ya silinda yenye kutu ambayo hazijawahi kuigusa, zitachanika, na pedeli itaanza kuzama taratibu ukiwa umesimama kwenye foleni.

Kuhusu umeme, balbu ya ABS ikitolewa hakikisha taa nyekundu ya breki bado inawaka mafuta yakipungua. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 spidomita hupata taarifa kupitia kompyuta ya ABS, hivyo sensa na kompyuta hiyo hubaki hata pampu ikiondoka.

Wanaotetea kutoa ABS husema kwenye changarawe gari husimama mapema zaidi bila hiyo, na ni kweli, kwa kuwa gurudumu lililojifunga hukusanya kokoto mbele yake. Lakini usukani nao unakufa palepale, na ukitoa ABS unatoa pia EBD na udhibiti wa kuteleza. Kama pampu ni nzima na tatizo ni sensa moja au waya uliokatika, kubaipasi ni hasara tupu.

Jaribio lifanyike kwenye barabara tupu na kavu, kwa kilomita 30 kwa saa kisha 50, mtu akiwa amesimama pembeni akiangalia magurudumu. Ya mbele lazima yajifunge kwanza. Yakitangulia ya nyuma hata mara moja, gari lisirudi barabarani hadi vali irekebishwe. Baada ya kilomita 500 fungua tena boneti, pitisha kidole chini ya kila nati na pale masta inapokutana na busta. Unyevu wowote ni mafuta ya breki: kwenye nati, kiungo kinavuja; kwenye busta, raba ya nyuma ya masta imeshaanza kuvuja.